Alama Moja kwa Hewa, Maji na Misitu

Mwaka 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya Yale na Columbia, Marekani, walitoa faharasa iliyozipanga nchi 180 kwa namna zinavyotunza mazingira. Denmark ikashika namba moja, India ikaburura mkia. Serikali ya India ilikuja juu, na haikuwa ikitetea moshi wa Delhi: ilihoji uzito waliopewa vigezo. Katika faharasa ile tabianchi ilichukua asilimia 38 ya alama zote, afya ya mazingira 20 tu, na sehemu ya alama ilitegemea makadirio ya gesi joto zitakazotolewa mwaka 2050. Nani kaamua? Wataalamu, mezani. Vipimo hutoka kwenye mitambo, lakini uzito wa kila kipimo hutoka vichwani mwa watu.

Kuna jambo lingine, nalo hutajwa kwa nadra: namna ya kujumlisha. Chukua mkoa wenye alama 90 za hewa na 10 za maji. Wastani wa kawaida ni 50, na wanaokunywa maji machafu wanafichwa nyuma ya hewa safi. Zidisha alama hizo, kisha tafuta kipeuo cha pili: unapata 30. Umoja wa Mataifa ulihamia njia hii mwaka 2010 katika faharasa yake ya maendeleo ya binadamu. Wapo wanaosema tuachane kabisa na alama moja, tuchapishe vipimo vyote. Hoja ina nguvu, ila diwani anayegawa bajeti hasomi majedwali 40. Apewe alama, na chini yake uzito uliotumika, ili anayebisha aubadilishe na kupiga hesabu upya.