Benki ikikuuliza, laini yako iko wapi?

Asubuhi umelipia bidhaa Jinja kwa kadi. Ukiwa ndani ya basi la Mbale, kadi hiyo hiyo inajaribiwa Dubai. Kompyuta ya benki hulinganisha mahali, saa na kiasi. Ikitilia shaka huweza kuzuia malipo na kukuuliza kwa simu au ujumbe mfupi: ni wewe? Ukikana, kadi hufungwa.

Lakini sisi tuliosomea uhamishoni, na wafanyabiashara wa mpakani, hubadilisha laini tukivuka Malaba au Busia. Swali likienda kwenye laini ya Kenya uliyoizima, nani atajibu? Ipe benki nambari mpya. Na anayekuuliza nambari ya siri ni mwizi: kata simu, piga nambari iliyo nyuma ya kadi.