Mwamba ngoma usisahaulike tupandapo miti

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Upo pia mti wa kiasili uitwao mwamba ngoma, ambao huvutia kwake ndege. Wakikuyu huuita muhuti, Wakamba muvuti nao Waluhya murembe. Ni mti usiorefuka sana, wenye miiba na gome nene lililojaa nyufa. Mbao zake ni nyepesi, na tangu jadi zimechongwa ngoma, vigoda na mizinga ya nyuki.

Ajabu ya mti huu ni msimu wake. Kiangazi kinapopamba moto, hupukutisha majani yote; kisha, kabla ya kuchipua mapya, huvaa maua mekundu mithili ya makaa. Wakati huo ambapo mimea mingi imenyauka, chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, huja kufyonza mbochi ya maua hayo. Afanyapo hivyo hubeba chavua kutoka ua moja hadi jingine, na mti ukazaa. Hilo ni somo kamili la sayansi ambalo mwalimu aweza kulifundisha bila kununua chati.

Mnamo Desemba 2022, serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ikatengwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Shule nyingi ziliitikia mwito huo. Hata hivyo, yafaa tujiulize: twapanda miti gani?

Katika viwanja vingi vya shule utaona mikaratusi iliyotoka Australia na mijakaranda iliyotoka Amerika Kusini. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: mkaratusi hukua upesi, nazo nguzo na kuni zake huleta fedha. Hatusemi ung'olewe. Tusemalo ni kwamba mwanafunzi asiyeona ila miti hiyo atahitimu bila kuujua mti ambao nyanya yake aliutaja kwa jina. Jina lisipotamkwa hufa, na maarifa yaliyofungamana nalo hufa pia.

Kuukuza si kazi ngumu. Chagua mbegu zisizotobolewa na wadudu, zikwaruze kidogo ganda lake gumu, uziloweke usiku kucha, kisha uzipande kitaluni. Njia ya pili ni kukata tawi lililokomaa, kuliacha kivulini siku kadhaa hadi jeraha likauke, na kulichimbia ardhini mvua zinapoanza. Matawi yaliyopandwa kwa safu hugeuka kuwa ua hai. Isitoshe, mti huu ni wa jamii ya kunde, na mizizi yake husaidia kuipa ardhi naitrojeni. Wahitaji jua la kutosha, na miche ikingwe dhidi ya mbuzi.

Kuna pingamizi moja lisilopasa kupuuzwa. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi hupendeza kama shanga, lakini zina sumu. Mwalimu mkuu anayehofia usalama wa watoto hana kosa. Hata hivyo, dawa si kuukataa mti. Upandwe mpakani, mbali na madarasa ya chekechea, na kila mtoto afunzwe kwamba mbegu hizo si za kutafunwa. Mtoto aliyefunzwa yu salama zaidi kuliko yule atakayeziokota njiani bila kuonywa.

Walimu na wanafunzi, mvua zijazo zisitukute tukingoja miche ya kuletewa. Waulizeni wazee mti huu wapatikana wapi katika eneo lenu, mkate matawi machache kwa idhini ya mwenye shamba, na kulipa kila darasa mti wake wa kutunza. Mti uliopandwa kwa ajili ya hesabu tu huenda ukakauka baada ya sherehe. Ule wenye jina na mtunzaji una matumaini ya kuchanua, na siku hiyo chozi watakuja bila kualikwa.