Korosho Zenye Cheti na Zisizo na Cheti Katika Nyumba Moja

Katika mashamba mengi ya Kilifi na Kwale, mikorosho ya mume na ya mke husimama pamoja, na kila mmoja akajua yake. Mume kanunua, mke naye ana fungu alilorithi kwa babake, na sharia imemhifadhia mali hiyo isiguswe ila kwa ridhaa yake. Haya si mageni kwetu. Jambo jipya ni kwamba huenda mume ameingia katika kikundi cha kilimo hai, mikorosho yake ikakaguliwa na kupewa cheti, ilhali ya mkewe, hatua ishirini kutoka hapo, haina cheti. Korosho zikishaanguka chini, ni nani atakayezitenganisha?

Hapana awezaye, hata mkaguzi mwenyewe. Ndiyo maana wanunuzi wa ng'ambo wameliwekea jambo hili masharti mazito. Sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 848 ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, haimruhusu mkulima mmoja kupanda zao la msimu lile lile pande zote mbili, ila ziwe mbegu zinazotambulikana kwa urahisi. Ufuta mweupe upande huu na mweusi upande wa pili, hilo lakubalika. Mahindi meupe huku na kule, hapana. Kwa miti ya kudumu kama mkorosho kuna nafasi kidogo: mkulima aandike mpango wa kuigeuza miti yote iwe ya kilimo hai katika muda usiozidi miaka 5, na awape taarifa wenye cheti angalau saa 48 kabla ya kila mavuno. Aidha, mti haupewi cheti kwa mwezi mmoja. Hungojewa miaka 3 bila ya dawa wala mbolea zilizokatazwa.

Yatupasa kufahamu pia kuwa mkaguzi hatazami tu jina lililoandikwa kwenye hati. Huuliza: ni nani anayepalilia, anayepiga dawa, anayeamua siku ya kuvuna? Ikiwa mume ndiye anayeisimamia miti yote, basi kwake ni shamba moja.

Nisieleweke vibaya. Korosho isiyo na cheti si chafu wala si haramu. Wako mabibi zetu ambao mikorosho yao haijaona dawa tangu ipandwe. Cheti hushuhudia kwamba kazi imeandikwa na kukaguliwa, na mnunuzi hulipa zaidi kwa ushahidi huo. Hivyo mwenye kutia kilo za mti usiokaguliwa katika gunia la uliokaguliwa ameuza asichokuwa nacho. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta umaji ndani, alimlaumu muuzaji kwa kuuficha. Mkaguzi naye huhesabu miti, akakadiria mazao yake. Kilo zikizidi, hushuku. Na kwa kuwa cheti huwa ni cha kikundi kizima, kosa la nyumba moja laweza kuwaangusha majirani wote.

Mchanganyiko wenyewe aghalabu huanzia nyumbani, pasi na nia mbaya. Watoto huokota jioni kwa kikapu kimoja. Gunia lililotiwa mbolea ya dukani hukung'utwa likatumiwa tena. Ugonjwa wa ubwiri unga ukiingia, jirani hupuliza dawa ya viwandani, nayo upepo ukaileta kwenye miti yenye cheti, ingawa unga wa salfa ungekubalika kwa wote.

Lakini linaloniudhi zaidi ni jingine. Baadhi ya waume, ili kuondoa usumbufu, huandikisha mikorosho ya wake zao kwa majina yao. Malipo huja kwa jina la mume, daftari la kikundi huonyesha miti ya mume, na baada ya miaka kumi watoto hawajui tena kuwa ile safu ya mashariki ni ya mama yao aliyoirithi. Siku ya mirathi ndipo ugomvi huzuka.

Mama mwenye mikorosho yake na aingie kikundini kwa jina lake mwenyewe, apimiwe kilo zake na kulipwa mkononi mwake. Hadi miaka 3 itimie, magunia yake yatiwe alama ya rangi, yawekwe chumba kingine, na watoto wapewe vikapu viwili.