Meno ya Kahawia: Maji ya Volkano na Mwili wa Binadamu

Mtahiniwa anayetoka Karatu au Ngorongoro huenda asihitaji picha ya kitabuni kuielewa mada hii, kwa kuwa anaiona kwenye kioo. Meno ya mbele yana madoa meupe kama chaki, mistari ya njano au rangi ya kahawia iliyokolea. Watu husema mwenye meno hayo hapigi mswaki. Si kweli, na wapo wanaopoteza alama kwa kuiandika kauli hiyo kwenye karatasi ya majibu.

Hali hii huitwa fluorosisi ya meno, na husababishwa na floraidi iliyozidi katika maji ya kunywa. Eneo hili la Bonde la Ufa limejengwa kwa miamba na majivu ya volkano. Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo hai wilayani Ngorongoro, hutoa lava yenye magadi mengi, na maziwa Natron na Eyasi ni ya magadi. Kwa kawaida kalsiamu iliyomo majini huishika floraidi na kuifanya itulie chini. Pale ambapo magadi ni mengi na kalsiamu ni kidogo, floraidi hubaki imeyeyuka, nasi tunainywa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu ya uhaba wa maji. Fanya hesabu: anayekunywa lita 2 kwa siku hupata miligramu 3 kwa kiwango cha kwanza, na 8 kwa cha pili. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana, hivyo kipimo cha kisima cha jirani hakikusaidii.

Kwa nini mtu mzima anayehamia Karatu habadiliki meno? Enameli hutengenezwa utotoni, jino likiwa bado ndani ya ufizi. Kwa meno mengi ya kudumu, kazi hiyo huwa imekwisha mtoto akifikisha miaka 8 hivi. Floraidi nyingi huvuruga seli zinazoijenga, na enameli hutoka na vinyweleo ambavyo baadaye hushika rangi. Mifupa ni tofauti, kwani hujengwa upya maisha yote. Kwa hiyo anayekunywa maji hayo kwa miaka mingi anaweza kupata maumivu ya viungo na mgongo kukakamaa. Watoto wengine hupinda miguu.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive haraka nayo huongeza floraidi. Njia zinazofaa ni kuvuna maji ya mvua, kuchanganya maji ya vyanzo tofauti, na kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia iliyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha.

Jino lililokwisha kubadilika halirudi lenyewe. Hili ndilo gumu kwa kijana anayecheka huku amefunika mdomo, au anayekwepa kusimama mbele ya darasa. Kusugua kwa mchanga, majivu makali au jiwe humaliza enameli iliyobaki. Daktari wa meno anaweza kung'arisha madoa mepesi, na mabaya zaidi huyafunika kwa kuyavika jino jipya la juu, ingawa gharama yake si ndogo. Kwa aibu inayomfanya mtu akose masomo, mwalimu wa ushauri nasaha ni mahali pazuri pa kuanzia.

Swali ambalo huwachanganya wengi: je, mwenye fluorosisi aache dawa ya meno yenye floraidi? Kwa umri wako, hapana. Meno yako yamekwisha kujengwa, na bado yanaweza kuoza. Mtoto mdogo ndiye wa kusimamiwa: apewe dawa kidogo sana, na aiteme.