Lori Linapozima Lenyewe: Anza Tangini

Dereva wa Fuso anashuka Mlima Kitonga, mkoani Iringa, akiwa na shehena ya mahindi. Anakanyaga klachi abadilishe gia, mguu unatoka kwenye mafuta, injini inanyamaza. Papo hapo usukani unakuwa mzito, na kompresa inayojaza upepo wa breki imesimama pamoja na injini. Lori linalozima ovyo ni hatari kwa kila aliye barabarani, na chanzo chake kinafaa kutafutwa kabla halijapakiwa tena.

Malori mengi ya miaka ya 1980 na 1990, yakiwemo Fuso na Isuzu, hayana kompyuta ya kumwambia fundi kosa liko wapi. Injini zake za dizeli zinadai vitu vitatu: hewa safi, mafuta, na kompresheni ya kutosha kuyawasha mafuta hayo bila plagi. Pampu inasukuma dizeli, nozeli inafunguka kwa presha ya takriban bar 200 na kuipuliza ndani ya silinda. Lori likiwa limesimama linaunguruma tu, yaani liko kwenye sailensi, injini huzunguka kama mara 600 hadi 700 kwa dakika, na kila silinda hupewa tone dogo mno la mafuta. Upungufu ambao dereva hausikii akiwa mwendoni unatosha kabisa kuizima injini hapo.

Kwa bahati mbaya, gereji nyingi huanzia mwisho. Fundi mwenye haraka hushika bisibisi na kupandisha sailensi kwa skrubu ya pampu. Injini inaacha kuzima, mteja analipa, anaondoka, na ugonjwa anaondoka nao. Wapo hata wanaokata sili na kuifungua pampu kando ya barabara, vumbi likipeperuka. Ndani ya pampu hiyo, nafasi kati ya plunja na silinda yake ni elfu chache tu za milimita. Punje ya mchanga ikipenya humo, hasara yake ni kubwa kuliko tatizo lililomleta mteja.

Swali la kwanza lingekuwa: linazima lini? Kama ni baada ya mwendo wa nusu saa hivi, kisha likipumzika linawaka tena, macho yaelekee kwenye kifuniko cha tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kuingizia hewa kadiri dizeli inavyopungua. Malori mengi yamepoteza kifuniko chake cha asili, na mdomo wa tangi umezibwa kwa nailoni na kitambaa. Hewa ikikosa pa kuingilia, pampu inavuta mpaka inashindwa. Ukifungua ukasikia tangi likivuta pumzi, umeshapata jibu, tena bila kununua kitu.

Kama linasumbua asubuhi baada ya kulala, au sailensi inapanda na kushuka, mshukiwa mkubwa ni upepo kwenye mafuta. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wanatafuta dizeli inayodondoka. Paipu inayotoka tangini iko upande wa kuvutwa: ikipata ufa, wakati injini inafanya kazi haimwagi mafuta nje bali inanyonya hewa ndani, kama mrija wa soda uliotoboka. Paipu inaweza kuwa kavu kabisa kwa nje na bado ndiyo mwizi.

Kuna kipimo rahisi cha kumaliza ubishi. Utingo anashika kidumu cha dizeli safi juu kidogo ya injini. Fundi anachomoa paipu ya tangi, anafunga mpira mpya unaoonyesha ndani, anauingiza kidumuni pamoja na paipu ya kurudishia. Analegeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta na kupampu kwa mkono: kwanza linatoka povu, kisha mapovu machache, kisha dizeli tupu. Anakaza, anawasha. Injini ikitulia, pampu haina hatia. Ubovu uko kati ya tangi na mahali alipounga mpira: paipu, klipu, au chujio la tangini lililojaa uchafu.

Isipotulia na inamisi, spana inahamia kwenye nozeli. Nati ya paipu ya kila nozeli inalegezwa kidogo, moja baada ya nyingine, injini ikiwa kwenye sailensi. Silinda nzima ikikatiwa mafuta, mlio hubadilika. Usipobadilika, hiyo ndiyo mgonjwa. Nozeli yake ihamishiwe silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, nozeli imekufa; ukibaki palepale, tazama valvu na ringi. Kazi hii isifanywe mkono mtupu wala uso ukiwa karibu, kwani dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbiziwa hospitali.

Mafuta yenyewe nayo yachunguzwe. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu hizi, na ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa, plunja husagika. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010 kupitia EWURA, mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, na Kenya iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, yote kupambana na uchakachuaji huo. Pampu iliyokwisha kuumizwa na mafuta hayo haijipatii nafuu kwa kubadilishiwa filta.

Pampu iliyofikia hapo ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, na mwenye lori aombe aandikiwe kiasi cha mafuta kinachotolewa na kila plunja kwenye sailensi, kabla na baada ya matengenezo. Plunja zikitofautiana, injini itatetemeka hata nozeli zote zikiwa mpya.