Geji mbili kwenye meza moja: ipi nafuu kwa mjenzi wa Sumbawanga?

Sumbawanga haina reli, lakini imekaa katikati ya reli mbili. Ukishika lami kuelekea kusini, takriban kilomita 220, unaikuta TAZARA pale Tunduma, yenye geji, yaani upana kati ya reli na reli, ya milimita 1067. Ukienda kaskazini hadi Mpanda, unakuta mwisho wa tawi linalotoka Kaliua, la geji ya mita moja, yaani milimita 1000. Ongeza SGR ya milimita 1435, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Kwa hiyo mtu wa Ufipa, uwanda wa Sumbawanga, anayetaka kujenga reli ya mfano juu ya ubao wa plaiwudi ana geji tatu za nchini mwake za kuchagua. Kinachobaki ni hesabu ya mfuko.

Kishawishi cha kwanza ni kuzilaza TAZARA na reli ya Mpanda kwenye mataruma mamoja, kwa kuwa ndizo za jirani. Usitoe hela kwa hilo. Tofauti yao ni milimita 67 tu, na kichwa cha reli peke yake kinakaribia upana huo, hivyo ukiongeza reli ya tatu hakuna nafasi ya ukingo wa gurudumu kupita. Kidatu, zinapokutana geji hizo mbili, kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo. Ukiilazimisha ndoto hiyo mezani utahitaji reli nne, jozi moja ndani ya nyingine, na bili ya reli itakuwa mara mbili ya njia ya kawaida.

Bahati nzuri udogo wenyewe unakuokoa. Kwa kipimo cha 1:87, kinachoitwa H0, geji ya mita inatoka milimita 11.5 na ya TAZARA milimita 12.3. Watengenezaji wana njia ya milimita 12 inayoziwakilisha zote mbili, na hakuna mgeni wa sebuleni atakayeinama na rula. Njia moja, reli mbili, treni za pande zote mbili za uwanda. Fedha ya geji mbili iwekwe kwa SGR, ambayo kwa kipimo hichohicho ni milimita 16.5.

Hapo reli ya tatu inakubali. Kati ya 12 na 16.5 kuna milimita 4.5, ukitoa unene wa reli bado inabaki nafasi ya kutosha kwa ukingo wa gurudumu. Kampuni ya Tillig ya Ujerumani huuza njia ya aina hii ikiwa tayari, na kwa mwenye haraka ni kazi safi. Gharama yake kwetu haiishii kwenye lebo ya bei. Njia zinazopindika huuzwa kwa vipande virefu, na Peco ya Uingereza, kwa mfano, hutoa vya milimita 914. Mrija mrefu wa kubebea vipande hivyo unaweza kukugharimu usafiri mkubwa kuliko mali iliyomo. Kisha kuna ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya bei, usafiri na ushuru kwa pamoja. Na mzigo ukishafika Dar bado unasubiri basi la Sumbawanga.

Mbinu ya pili ni kuagiza reli tupu, ukamwomba muuzaji azikate vipande vya sentimita 40 ziingie kwenye bahasha ya kawaida, mengine ukayafanya nyumbani. Piga hesabu ya ubao wa futi 8: takriban mita 2.4 za njia ya reli tatu hula mita 7.2 za reli na mataruma 320 hivi. Si lazima yote yawe ya kibao cha saketi chenye tabaka la shaba. Kila taruma la tano liwe la shaba, yaani 64, ili reli zichomewe kwa risasi. Yaliyobaki fundi seremala atayachonga kwa mabaki ya paini. Fundi redio yeyote pale mjini anaweza kukuchomea, na ukitazama historia, uwanda uliokuwa ukiyeyusha chuma chake kwenye malungu, tanuri za asili za huku, haushindwi na waya wa risasi. Kumbuka tu kukwangua shaba katikati ya reli na reli, la sivyo umeme unapiga shoti. Reli mbili za upande mmoja ziunganishwe pamoja. Nyaya zako zitabaki rahisi kama za njia ya kawaida.

Acha pia mwanya mdogo kwenye maungio. Usiku wa Juni wa Ufipa na jua la mchana wake vikitofautiana nyuzi 15, reli ya mita 2.4 inatanuka zaidi kidogo ya nusu milimita.

Panapokula hela kweli ni pointi. Pointi ya geji mbili ina makutano mengi ya reli, na kila moja ni saa za kupima na kusugua kwa tupa. Ushauri wangu: weka kipande kimoja kilichonyooka cha reli tatu, pengine stesheni, kisha zitenganishe geji mbele yake. Njia zikiachana hivyo, magurudumu yanaweza kuongozwa na reli za kukinga bila ulimi unaosogea. Pointi nyingine zote ziwe za geji moja, za dukani.

Anayebanwa na nafasi aangalie 1:120, kipimo cha TT ambacho Hornby nayo ilikizindulia bidhaa zake mwaka 2022. Hapo SGR ni milimita 12, na njia ya milimita 9 ya treni za kipimo cha N inasimama badala ya TAZARA. Injini za N zinapatikana kwa wingi kuliko za H0 zenye geji ya milimita 12, ambazo nyingi ni za Uswisi na bei yake haina huruma. Kasoro ni kwamba nafasi ya reli ya tatu inabaki milimita 3, na mkono usiotulia hauitaki.

Kwa mjenzi wa kwanza hapa Sumbawanga ninachagua H0: reli tupu zenye kimo cha milimita 1.9 au 2.1, kipande kimoja cha reli tatu, na njia ya milimita 12 kwa kilichobaki. Nunua injini moja ya kila geji kabla ya kuchomea taruma la kwanza, uipimie reli kwa magurudumu yake.