Lori iko na rampe, ndugu yetu hana



Hivi karibuni sisi madelege wa sendika tulimsindikiza mwenzetu lopitali, hapa Kolwezi. Jiwe lilimuangukia mgongoni chini ya mgodi. Toka siku ile miguu haisikii tena, yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Shida ilianza barabarani. Pikipiki haiwezi kubeba kiti. Taksi ya kwanza ilikataa, ya pili ikaomba nauli ya watu wawili: moja ya mtu, moja ya kiti. Kwenye mlango wa lopitali, ngazi nne. Tulimbeba watu wanne kama tunavyobeba mashine. Yeye akaficha uso. Ndani, kitanda cha kupimia kiko juu sana. Munganga akamuuliza maswali, akamwandikia dawa angali amekaa. Chooni kiti hakikupita mlangoni.

Nyumbani, bibi yake akaona damu kwenye shuka. Kidonda kilikuwa pale anapokalia, tena kirefu. Mtu aliyeharibika uti wa mgongo hasikii maumivu huko chini, ndiyo maana lazima alazwe na ngozi iangaliwe. Siku ile hakuna aliyemlaza.

Sheria iko. Code ya kazi ya 2002 inamuagiza mwajiri kutunza mfanyakazi na jamaa yake wakigonjwa. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Kampuni inalipa fakture, sawa. Lakini fakture haipandishi mtu ngazi.

Na rampe sisi tunaijua. Kwenye karieri tunaichonga ili malori makubwa yapande bila shida. Kwa kiti hesabu ni nyepesi: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi nne za sentimita 15 zinaomba rampe ya mita 7 na kidogo. Simenti na siku chache za kazi, basi.

Kwa hiyo katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja tutadai: kila lopitali inayolipwa na kampuni iwe na rampe, milango ya sentimita 90, na kitanda kinachoshuka. Kampuni itoe pia gari la kubeba mgonjwa na kiti chake.

Mulio na mgonjwa wa kiti nyumbani, mumuandikishe kwa delege wenu. Na tukingoja, mumuinue kila nusu saa, na mumuangalie ngozi kila jioni.